Hukukosea njia, mwanangu, ulikosea saa

Swali

"Assalaam alaykum, mzee wetu. Mimi mzaliwa wa Tanga, na tangu mwezi wa kwanza nimehamia Barking, mashariki ya London, pamoja na mume wangu na watoto wawili. Mkubwa ana miaka 9, mdogo 4. Kwetu kufika baharini ni mwendo wa dakika kumi. Hapa watu wakatuambia bahari ya karibu ni Southend. Jumamosi moja, wiki moja baada ya Idi ndogo, mwezi wa Aprili, tukafuata ramani ya simu, tukashuka kwenye treni, tukatembea mpaka ufukweni. Ilikuwa saa saba mchana. Hatukuona bahari. Tope tupu mpaka macho yanachoka, na gati refu limesimama pakavu. Mdogo akaniuliza, 'Mama, bahari iko wapi?' Baba yao akasema tuyafuate maji kwa miguu, mimi nikakataa. Tukala chipsi tukarudi. Sasa kiangazi kinaingia na watoto wananiuliza kila siku. Je, tulipotea njia? Kuna pwani nyingine ya karibu yenye bahari? Na tukifika tuangalie nini?"

Jibu

Wa alaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Nianze na hilo ulilomkatalia mume wako, maana ndilo kubwa kuliko yote: ulifanya vyema. Mpe salamu zangu, na umwambie asione haya. Kila mtu wa pwani anayefika hapa hujiwa na wazo hilohilo, kwa sababu kwetu maji yakikupwa tunayafuata, tukaokote chaza, tukaangalie madema. Hapa hatuyafuati. Sababu yake nitaieleza mbele.

Ama njia, hamkupotea. Mlishuka mahali penyewe. Mlichokosea ni saa, na saa yenyewe ungeweza kuijua ukiwa jikoni kwako Barking, bila simu, kwa kuhesabu siku za mwezi tu. Unasema mlikwenda wiki moja baada ya Idi. Basi siku hiyo ilikuwa kama tarehe 7 au 8 Mfunguo Mosi. Mwezi ulikuwa nusu. Mwezi ukiwa nusu ni siku za maji mafu, yaani maji yanayojaa na kupwa kidogo, na huku kwenye mlango wa mto Thames, siku za maji mafu bahari hukupwa karibu na adhuhuri. Nyinyi mkafika saa saba. Kwa mchana ule mzima, hakukuwa na saa ambayo bahari ilikuwa mbali nanyi kuliko hiyo.

Mimi nimezaliwa Wete, Pemba, na ujana wangu nimeumalizia kwenye mashua. Hapa Southend nimeishi zaidi ya miaka ishirini, nafundisha watoto kuogelea na kila kiangazi napokea familia kutoka London zinazokuja kuiona bahari kwa mara ya kwanza. Nusu yao huja na hadithi kama yako. Inaniuma, kwa kuwa mtu akishaliona tope lile hukata tamaa, akasema Uingereza haina bahari, akakaa miaka mitano ndani ya nyumba na watoto wake hawajui kuogelea.

Kwanza ujue mlifika wapi. Southend iko pale mto Thames unapomwaga maji yake Bahari ya Kaskazini. Wewe ni mtu wa Tanga. Fikiria mdomo wa mto Pangani, uupanue mara nyingi, kisha uondoe mikoko. Mto unashusha matope siku zote, na sakafu ya bahari hapo imelala tambarare kama mkeka. Bahari ikipungua mita moja kwenda chini, ufuo hukauka mamia ya mita kwenda mbele. Maji yakitoka kabisa huenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ndiyo maana ya lile gati. Wenyeji walijenga la mbao mwaka 1830 kwa sababu meli zilizotoka London na abiria hazikuweza kukaribia nchi kavu maji yakitoka, na kila walipolijenga halikutosha, wakalirefusha tena. La chuma lilifunguliwa mwaka 1889. Leo lina kilomita 2 na zaidi kidogo, na hakuna gati la matembezi refu kuliko hilo duniani. Lina treni yake ndogo juu. Watoto wako wataipenda.

Sasa sikiliza jambo hili vizuri, maana ndilo jibu lenyewe.

Kwetu, iwe Tanga, Pemba au Unguja, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hutoka kiasi cha saa nne asubuhi. Ndiyo saa kina mama wa Paje na Jambiani wanapoteremka na kamba zao kwenda kwenye mwani. Jioni, kiasi cha saa kumi, maji yamejaa mpaka kwenye minazi. Mtoto wa pwani hafundishwi hili darasani, analijua tu. Umekuja nalo huku bila kujua kwamba umelibeba, na mwili wako unaamini kwamba saa saba mchana, mwezi nusu, maji yapo karibu. Kwetu yangekuwepo. Huku mambo ni kinyume. Maji yanayojaza mlango wa Thames yametoka Atlantiki, yakazunguka Scotland kwa juu, yakateremka na Bahari ya Kaskazini yote ndipo yakaingia hapa, na safari hiyo inachukua saa zake. Kwa hiyo mwezi ni uleule, bamvua ni ileile, lakini saa zimesogea. Huku siku za bamvua maji hujaa mchana kati, na siku za maji mafu hukupwa mchana kati.

Bila shaka nyumbani kwako kuna kalenda ya msikiti ukutani. Itumie. Kwa saa za kiangazi cha hapa, tarehe 13 hadi 16 za mwezi wa Kiislamu, na tena kuanzia tarehe 28 mpaka tarehe 2 ya mwezi unaofuata, maji ya Southend hujaa kati ya saa sita na saa tisa mchana. Hizo ndizo siku za kwenda na watoto. Tarehe 7 hadi 9, na 21 hadi 23, mchana ni tope. Usiende, au uende jioni, kwa sababu siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi na mbili au saa moja, na mwezi Juni jua la hapa halizami mpaka saa tatu na robo usiku. Mimi binafsi napenda hizo jioni kuliko mchana. Watu wamepungua, upepo umetulia, na mtu unaweza kutoka kazini Barking saa kumi ukaoga bahari ukarudi kulala kwako.

Kalenda inakupa siku, haikupi dakika. Dakika zitazame kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa. BBC wanalo kwenye kurasa zao za hali ya hewa, na idara ya ramani za bahari ya Uingereza inalo liitwalo EasyTide, bure. Tafuta jina Southend. Hapo jihadhari na mtego mmoja ambao umewarudisha watu wengi nyumbani na nguo kavu: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza husogeza saa mbele, lakini majedwali mengine, hasa vile vijitabu vinavyouzwa madukani, huandikwa kwa saa za GMT mwaka mzima. Ukiona GMT, ongeza saa moja. Na kama bado kichwani unahesabu saa za Kiswahili kama mimi, jedwali likisema 13:20 andika kwenye karatasi "saa saba na dakika ishirini" kabla hujatoka nyumbani, uibandike kwenye mlango wa friji. Kichwa kikiwa na watoto wawili na mikoba mitatu hukosea hesabu.

Ukishaijua saa ya maji kujaa, panga ufike saa mbili kabla yake. Usingoje yajae kabisa. Hapo utakuta kitu ambacho hata Tanga hakipo hivi: tope limeoteshwa jua asubuhi nzima, na maji yanapokuja juu yake yanakuja membamba, polepole, yakichukua ule uvuguvugu. Utaona ukingo wa maji unatambaa kama maziwa yaliyomwagika mezani, na povu dogo mbele yake, na shakwe wanatembea nao bega kwa bega wakidonoa. Mtoto wa miaka 4 anaweza kuketi hapo na maji yakamfikia vidole, kisha magoti. Kuanzia hapo mna saa nne za bahari nzuri, mbili za kujaa na mbili za kutoka. Baada ya hapo kusanya vitu vyako.

Treni sasa. Kwa mtu wa Barking hii ndiyo rahisi kuliko yote, na wengi wanaokaa kaskazini au kusini ya London watakuonea wivu. Treni za c2c zinazotoka Fenchurch Street zinapita Barking kwako kwenda Southend. Huna haja ya kwenda katikati ya mji kwanza, kama ramani za simu zinavyopenda kuwapeleka watu. Kutoka Barking ni chini ya saa moja. Kuna njia mbili: moja inapita Basildon, nyingine inazunguka na Grays na Tilbury. Zote zinafika, ila ya Tilbury inachelewa, basi soma ubao kabla ya kupanda. Tiketi nunua kabla. Kadi ya Oyster, ile ya nauli za London, haifiki Southend, na faini ni ghali kuliko safari. Mdogo wako wa miaka 4 hatoi nauli. Mkubwa hulipa nusu. Mkinunua ile kadi ya punguzo ya Family & Friends, nyinyi wakubwa mnapunguziwa theluthi moja na mtoto asilimia 60, na kadi ni ya mwaka mzima. Wikiendi nyingine hutengenezwa reli na treni hubadilishwa mabasi, kwa hiyo hakikisha usiku wa kuamkia safari.

Wengi hushuka Southend Central kwa sababu ya jina, kisha wanapita katikati ya maduka mpaka kwenye gati. Nadhani ndiko mlikoshuka. Si vibaya, lakini kwa mara ya kwanza na watoto, shuka Chalkwell. Ni vituo viwili kabla. Kituo cha Chalkwell kimejengwa ufukweni kabisa. Ukishuka kwenye jukwaa, bahari iko upande wa pili wa uzio, na harufu yake inakufikia kabla mlango wa treni haujafunguka vizuri. Nimewaona watu wazima wakilia pale. Mwanamke mmoja wa Lamu, amekaa miaka kumi na moja bila kugusa maji ya chumvi, alishuka, akashika ule uzio kwa mikono miwili, akanyamaza mpaka treni ikaondoka. Sikumsemesha.

Ukitaka siku nzima, na mpira, na chakula cha kutoka nyumbani, nendeni mpaka mwisho wa reli, Shoeburyness, kwenye ufuo uitwao East Beach. Mwendo wa kiasi cha dakika kumi kutoka kituoni. Pana uwanja mkubwa wa majani nyuma ya mchanga, mtatandika mkeka wenu. Ukiwa umesinzia kwenye treni hutapitiliza, maana hakuna kituo kingine mbele.

Na siku mkikosea hesabu mkakuta maji yametoka, msirudi na chipsi tu. Magharibi ya gati kuna bwawa la maji ya bahari liitwalo Three Shells Lagoon, limezungushiwa mawe, na maji hubaki ndani bahari inapokupwa. Mdogo atacheza humo.

Nirudi kwenye tope, kama nilivyoahidi.

Kiangazi changu cha kwanza hapa nilishuka Chalkwell maji yakiwa yametoka, nikaona uwanja wa tope na mchanga unang'aa mpaka mbali, na moyo ukaniambia: Wete hii. Nikavua viatu, nikachukua mfuko, nikaenda kutafuta kombe. Na zipo, kijiji cha wavuvi cha Leigh, jirani hapo, kimeishi kwa kombe vizazi na vizazi. Nikaenda mbali, nikafika kwenye mkondo mmoja unaobaki na maji hata bahari ikitoka, wanauita Ray. Nikauvuka, maji ya kifundo cha mguu. Nikaokota. Nikainama, nikaokota. Nilipogeuka kurudi, mbele yangu bado tope, kavu vilevile, lakini ule mkondo ulikuwa umejaa nyuma yangu kimya kimya. Maji ya kifundo yamekuwa ya kiuno. Sikusikia sauti. Kwetu maji yakirudi yanakuja na wimbi kwenye mwamba, unaambiwa. Hapa hayasemi, na hayaji kutoka mbele. Yanapitia vile vijito, yanakuzunguka, kisha yanapanda. Nikaogelea na nguo zangu, mfuko nikauacha. Mimi mtu wa mashua. Mtoto wa miaka 9 asingevuka.

Kwa hiyo kaeni karibu na ufuo. Kutembea mita hamsini kwenye tope kuangalia kaa wadogo, hakuna neno, hasa mkiwa mmeangalia jedwali na mnajua maji yanatoka bado. Zaidi ya hapo hapana. Mguu ukizama, usiuvute kwa nguvu ukiwa umesimama wima. Keti au lala chali, uzito utawanyike, kisha utoe mguu taratibu. Na mkinaswa, pigeni 999, ombeni Coastguard, walinzi wa pwani. Hawatozi pesa. Wanaotoka kuokoa ni wa RNLI, chama kilichoanzishwa mwaka 1824, wengi wao watu wa kujitolea, na hapa Southend wana hovakrafti, chombo kinachokwenda juu ya hewa, kwa sababu boti haipiti topeni. Usione aibu kuwapigia mapema.

Simu yako pia usiiamini kupita kiasi. Ukiwa Shoebury ukaiambia ikutafutie njia ya matembezi ya pwani, inaweza kukuonyesha mstari unaotoka mahali paitwapo Wakering Stairs ukaingia moja kwa moja baharini kuelekea kisiwa cha Foulness. Hiyo si hitilafu ya ramani. Ni njia ya kweli, ya zamani, inaitwa Broomway, kwa sababu zamani iliwekewa alama za vifungu vya fito kama mafagio. Kabla ya mwaka 1922 kisiwa kile hakikuwa na barabara, watu na mikokoteni walipita juu ya mchanga maji yakitoka. Wanaodhaniwa kufia humo ni zaidi ya 100. Eneo lote ni la jeshi, na hufanywa mazoezi ya kupiga mizinga. Usiende bila kiongozi anayeijua, na kwa watoto usiende kabisa.

Baridi. Hili kwetu hatulijui, basi nitalisema wazi. Bahari ya Tanga haishuki sana chini ya nyuzi 25. Hapa mwezi Agosti, ikiwa imepata joto lake lote, hufika kiasi cha 18, na Aprili mlipokuja iko kwenye 9 au 10. Mtu akijirusha ghafla kwenye maji ya chini ya nyuzi 15, pumzi humkatika, akavuta hewa bila kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji anavuta maji. Hata mwogeleaji hodari hupatwa. Ingia kwa miguu, jimwagie shingoni na usoni, ungoje. Ukishikwa na ile pumzi, lala chali, uelee, usipambane. Baada ya dakika moja au moja na nusu inapita. Wafundishe watoto kuelea chali kabla ya kuwafundisha kupiga mbizi. Kwa mara ya kwanza dakika kumi zinatosha kwa mdogo, hata akilia kutaka zaidi. Midomo ikianza kubadilika rangi mtoe, mkaushe, mvalishe kofia, mpe chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa uliyokuja nayo.

Maboya ya kupulizia yanayouzwa kwenye maduka ya ufukweni msiyanunue. Ufuo huu umeelekea kusini. Upepo ukivuma kutoka kaskazini hutoka nchi kavu kwenda baharini, na boya lenye mtoto juu linakwenda nao. Mvua kubwa ikinyesha, acheni siku mbili kabla ya kuoga, maana mifereji ya mji humwaga maji machafu. Na popote uendapo Uingereza, ukiona bendera mbili za nyekundu na njano, oga katikati yake. Hapo ndipo waokoaji wanapotazama. Fuo nyingi hazina waokoaji kila siku, basi mmoja wenu wawili awe nchi kavu, macho majini, simu mfukoni isiyochezewa.

Umeuliza pwani nyingine. Zipo. Mkitaka mchanga mweupe kidogo na maji yasiyokimbia mbali sana, nendeni Margate, treni ya kasi kutoka Stratford International, kiasi cha saa moja na nusu. Huko, mwendo wa nusu saa kutoka kituoni, kuna bwawa kubwa la bahari lililojengwa mwaka 1937 pale Walpole Bay, na maji ya kujaa hulifunika na kulibadilisha. Clacton nayo ina mchanga, inafikika kwa treni kutoka Stratford au Liverpool Street. Brighton ina jina kubwa, lakini ni kokoto tupu na kina kinaanguka hatua chache tu kutoka ukingoni. Kwa mtoto wa miaka 4 si pa kwanza. Camber Sands ni pazuri mno, mchanga kama wa kwetu, na kwa uzuri huohuo watu hudanganyika. Mwezi Agosti 2016 vijana watano kutoka London walikufa maji pale kwa siku moja. Walikuwa marafiki. Pale napo maji hujaa kwenye mabonde ya mchanga nyuma ya mtu. Mkienda, nendeni kwa jedwali.

Lakini mimi ningekuomba uanze na hii ya kwako, Southend, kwa kuwa ni ya karibu, na pwani inayotembelewa mara kumi kwa mwaka inamfaa mtoto kuliko nzuri inayoendewa mara moja. Nguo usijali. Mke wangu huoga na baibui lake la kuogelea miaka yote hii, hakuna sheria ya kumkataza wala mlinzi wa kumfukuza. Wavalisheni watoto viatu vya mpira, kuna makombe makali. Chakula fungeni nyumbani, na ukila chipsi nje zifunike kwa mkono, shakwe wa hapa hawana adabu. Na msikae mbali na bahari majira ya baridi. Kuanzia Oktoba mabata bukini weusi huja kwa maelfu kutoka Siberia, wanakula majani ya baharini juu ya tope lilelile lililowavunja moyo. Siku hizo ndizo za kwenda maji yakiwa yametoka, na koti zito, na darubini kama mnayo.

Basi toa kalenda. Mwezi ujao tafuta Jumamosi au Jumapili iliyo kati ya tarehe 13 na 16, utazame jedwali, uondoe saa mbili, uondoe saa moja ya treni, hiyo ndiyo saa ya kutoka mlangoni. Shukeni Chalkwell. Kutoka ufukweni hapo mtaona nguzo ya mawe imesimama peke yake kwenye tope, inaitwa Crow Stone. Iliwekwa mwaka 1837 kuonyesha mahali ambapo mamlaka ya jiji la London juu ya mto Thames yalikuwa yanakomea. Tandikeni mkeka mkiitazama. Mdogo akiuliza tena bahari iko wapi, mwambie aiangalie miguu ya ile nguzo, na apige kelele akiona imeanza kulowa.